Matanga ya Mtu wa Kayee

Vijana wanaotaka kuandika riwaya huniuliza kwanza mambo ya pembeni: mwandishi huamka saa ngapi, hunywa nini, hukalia kiti cha namna gani. Nawajibu kwamba riwaya yangu ya kwanza niliiandika nikiwa nimekaa mchangani, Rumonge, kalamu mkono wa kulia na fimbo ya kufukuzia kuku mkono wa kushoto. Wanacheka wakidhani natania. Kuku wa mtaa wetu walipenda ndagala kuliko mahindi, na walishajua kwamba mimi nikizama katika sura yangu, wao wameandaliwa karamu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijaolewa, nikiishi na shangazi yangu, dada yake baba, katika mtaa wa Waislamu karibu na ziwa. Kazi yetu ilikuwa kukausha ndagala, wale samaki wadogo wembamba ambao kila nyumba ya ukanda ule inawajua. Wavuvi walikwenda ziwani na taa za karabai, wakarudi asubuhi. Sisi wanawake tuliwapokea samaki, tukawaosha, tukawatandaza juu ya mchanga safi, tukaliachia jua kazi iliyobaki. Saa sita tunageuza, saa kumi tunakusanya. Kati ya kutandaza na kugeuza palikuwa na saa tatu nzima ambazo wenzangu walisukana nywele na kusengenya. Mimi niliandika.

Wapo waandishi wanaofuata saa ya ukutani. Mimi nilifuata mwezi. Mwezi unapokuwa mpevu, taa ya mvuvi haiwadanganyi samaki, kwa hiyo mitumbwi hubaki pwani, na mkausha samaki hana cha kukausha. Juma hilo niliandika asubuhi mpaka adhuhuri bila kuinua kichwa. Giza likirudi, samaki wakawa wengi, niliandika sentensi tano, nikainuka kufukuza kuku, nikarudi nikaandika nyingine tano. Mshika mbili moja humponyoka, walikuwa wakiniambia. Ni kweli, mara nyingi aliyeniponyoka alikuwa samaki. Lakini zoea hilo lilinifaa. Mpaka leo nikikwama katika sentensi siikodolei macho. Nainuka, nafanya kazi ya mikono, narudi, naikuta imekwisha kujinyoosha yenyewe.

Niliandika katika daftari la shule, kayee kama tulivyoliita, kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino na maji ya samaki havipatani. Mwanzoni niliandika kwa siri. Siku moja mama mmoja wa kutoka Uvira, Mkristo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio ng'ambo, alinipokonya kayee akidhani ni barua ya mchumba. Hakujua kusoma, akanirudishia.

"Soma!" akasema. "Batu wote wasikie huyo bwana anakuambia nini."

Nikasoma. Hawakupata mchumba, wakapata hadithi, na tangu siku hiyo sikuwa tena na siri. Kila sura niliyomaliza niliisoma mchangani, kabla ya kugeuza samaki.

Kama unataka ushauri wangu wa kwanza wa sarufi, ni huu: soma kwa sauti mbele ya watu wenye kazi za kufanya. Sisi wa ukanda ule tulisema Kiswahili cha kuokoteza, Kirundi kidogo, Kifaransa kidogo, na mengi yaliyovuka ziwa kutoka Kongo. Kitabu iko, mitumbwi iko, Mungu iko, na mambo yanakwenda. Mimi nilisomeshwa katika chuo cha Kurani na mwalimu aliyelelewa Ujiji, mtu ambaye ukisema "kitabu yangu" mbele yake aliushika mgongo kama aliyepigwa. Kwa hiyo nilijua upatanisho wa ngeli, na ujana ukanifanya nijidai. Katika sura zangu za mwanzo kila mtu alizungumza kama khatibu wa Ijumaa. Nilikuwa na mvuvi mmoja anayechomwa mwiba na samaki, naye akasema: "Ole wangu, kidole changu kimejeruhiwa vibaya!"

Mama wa Uvira akainua mkono. "Huyu muvuvi alisoma wapi? Mutu akichomwa na samaki analia 'mama yangu weee'. Hana nafasi ya hotuba."

Wakacheka mpaka samaki wakachelewa kugeuzwa. Niliona haya, nikaona na hasira. Lakini alikuwa amenipa kanuni ambayo sijapata kuona iliyo bora: upatanisho ni wa msimuliaji, vinywa ni vya wenyewe. Msimuliaji avae shati lililopigwa pasi, wahusika wavae walichonacho nyumbani. Usimsahihishe mhusika wako, na usimwige pia kwa kumcheka. Mwache aseme kama anavyosema akiwa na njaa.

Shangazi hakuwa msemaji kama mama wa Uvira. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo, ameinama, anapanga samaki. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini sikio lake lilikuwa mkaguzi. Mikono yake ikisimama, sura ni nzuri. Akianza kuimba puani, sura imeoza. Nilipoandika kwamba mtu "alikuwa ameshakuwa akikaribia kuufikia mlango", aliimba, kisha akauliza bila kugeuka: "Amefika kwa mulango ao hajafika?"

Tangu hapo nikaanza kuitumia "ka" kwa heshima yake. Alitoka, akapanda mtumbwi, akaenda. Silabi moja tu, nayo inambeba msomaji kutoka tendo hadi tendo bila kumuuliza kama amechoka. Anza na "ali" mara moja, halafu iachie "ka" iende. Na nikikuta "ambaye" mbili katika sentensi moja, naikata katikati kama muwa. Shangazi hakuyajua majina ya vitu hivi. Alijua tu wapi alipotea njia, na msomaji anayejua wapi alipotea ni bora kuliko mwalimu anayejua jina la kosa.

Sasa niwaambie riwaya yenyewe ilihusu nini, kwa kuwa hapo ndipo nilipojitia matatani.

Shangazi alikuwa na mume. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mume huyo alivuka ziwa kwenda Kongo kununua vitenge, akasema atarudi mwezi ukiandama. Mwezi ukaandama, ukaandama tena, ikapita miaka minane. Mtu mmoja alidai alimwona Fizi na mke mwingine. Wa pili alisema mtumbwi ulipinduka. Wa tatu alisema yeye hajui, naye pekee ndiye aliyekuwa mkweli. Mwalimu wa msikiti alimweleza shangazi zaidi ya mara moja kwamba sheria inamruhusu: mume akipotea miaka mingi, mke anaweza kufunguliwa, akakaa eda, akaolewa. Shangazi alimjibu kwa adabu, "Mwalimu, umeona kaburi?" Mwalimu hakuwa ameliona. Kila jioni shangazi alipakua sahani tatu, yangu, yake na ya yule aliye safarini, na kwa kuwa chakula hakitupwi, ya tatu niliila mimi. Ukiiona picha yangu ya siku hizo utajua kwamba mume wa shangazi alikuwa mlaji mzuri.

Basi mimi, kwa akili zangu za miaka kumi na tisa, nikaandika riwaya ya mwanamke ambaye mume wake amevuka ziwa na hajarudi. Niliapa ni ya kubuni. Mwanamke nilimhamishia Kigwena, nikampa kazi ya kukamua mawese, nikamfungia mumewe ndevu nyingi ambazo mume wa shangazi hakuwa nazo. Nilijiona nimeficha. Hakuna aliyedanganyika hata dakika moja. Kijana, ndevu hazimfichi mtu. Ukiandika habari ya jirani yako, atajitambua kwa namna anavyongoja, na hilo huwezi kulibandikia ndevu.

Tangu sura ya kwanza mikono ya shangazi ilisimama, na haikuendelea mpaka nilipofunga kayee. Nilianza kuogopa. Kumbe hakuwa akisikiliza hadithi, alikuwa akingoja habari.

Na hakuwa peke yake. Hatua arobaini kutoka mchangani petu palikuwa na kibanda cha fundi wa taa, aliyewatengenezea wavuvi karabai zao. Alikuwa mtu wa makamo, mkewe amefariki, mikono yake inanuka mafuta ya taa hata siku ya Idi. Kila mtu alijua kwamba anampenda shangazi. Sisi wengine alitupungia mkono, "Amahoro!", akaendelea na pampu zake. Shangazi akipita, alisimama, akavua kofia, akaishika mpaka apotee. Aliwahi kutuma wazee. Shangazi akawaambia, "Mimi ni muke wa mutu." Wakamuuliza huyo mtu yuko wapi. "Iko njiani," akasema, akawapa chai.

Siku moja ya mbalamwezi, hakuna samaki, fundi alinikuta nikiandika peke yangu. Akachuchumaa, akageuzageuza kofia.

"Ule mutu wa kayee," akasema, "atarudi?"

"Bado sijajua, Fundi."

"Lakini wewe njo mwenye kuandika."

"Naandika, ila sijajua."

Akafikiri sana. "Kama hatarudi," akasema, "miye sitanung'unika." Kisha akatoa chini ya shati kayee mpya, ya karatasi nzito, mistari ya buluu, bora kuliko yoyote iliyouzwa mjini. "Mkono mtupu haulambwi," akasema, akaona aibu mwenyewe, akaondoka haraka.

Hiyo ndiyo rushwa pekee niliyowahi kula katika kazi yangu ya uandishi, nami niliila yote. Kayee ile haipo tena. Mwaka wa sabini na mbili tulivuka ziwa kukimbia mauaji, tukaacha nyumba, sufuria na maandishi. Baadhi ya wanawake niliowasomea mchangani sikuwaona tena, wala sikupata wa kuniambia wako wapi. Naumia kuandika sentensi hii, na sitaipamba. Lakini niliyokuja kuyasimulia leo ni ya miaka kumi kabla ya hapo, siku tulipokuwa wote tuko hai na tunacheka.

Mama wa Uvira alikuwa upande wa pili kabisa. Alitaka mume arudi. "Arudi," aliniamuru, "akute muke amenenepa, amejenga, ana mbuzi munane. Alie! Halafu muke amupe maji ya kunywa, amuambie asante, mulango ni ule." Wengine walimtaka arudi apokewe vizuri. Wasichana walitaka arudi tajiri. Kila mtu mchangani alikuwa na mwisho wake mfukoni, na mimi, mwenye kayee, nilikuwa sina.

Nilijua uzito wa jambo hilo. Nikimwua mtu wa kayee, nitakuwa nimemzika mume wa shangazi mbele ya watu, na pengine hatanisamehe. Nikimrudisha, nitakuwa nimempakulia shangazi sahani nyingine ya kungojea, miaka minane mingine, huku fundi akizeeka na kofia mkononi. Nilikonda kidogo, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa mtu wa sahani mbili.

Mwishowe nilimrudisha. Nilijiambia ni huruma. Niliandika sura ndefu, nikaijaza kila neno zuri nililolijua. Siku ya kuisoma jua lilikuwa kali, na mchangani walikuwapo samaki wa mwisho kabla ya mbalamwezi. Mume akashuka mtumbwini, akabeba vitenge sita na sabuni ya harufu, akafika mlangoni, akasema: "Mke wangu, bahari ya mapenzi imenirudisha kwako."

"Hapa iko ziwa," mama wa Uvira akasahihisha.

Lakini wengine walipiga vigelegele. Mimi nilitazama mgongo wa shangazi. Mikono ilikuwa ikifanya kazi, haraka haraka, na alikuwa akiimba puani.

Nilipomaliza, akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma pale, akanitazama usoni.

"Futa," akasema.

"Shangazi, hupendi arudi?"

"Minapenda sana. Njo maana minajua ni uongo."

Vigelegele vikakatika. Akaja akakaa mbele yangu, mikono imejaa magamba.

"Umeniogopa," akasema. "Umeandika kwa kuniogopa. Mutu mwenye kuogopa asiandike, akauze samaki."

Nilitaka kumwambia kwamba samaki nauza tayari, lakini alikuwa amesema kweli. Nikaikunja ile sura, kurasa saba, nikaing'oa. Nikauliza, kwa sauti ndogo, niandike nini.

"Andika: hakurudi."

Nikaandika.

"Andika: alikufa."

Nikashika kalamu juu ya karatasi. "Alikufa na nini, shangazi?"

"Haijulikani."

"Msomaji atauliza."

"Aulize. Wewe unajua kila kitu? Mutu asiyejulikana alikufa na nini, naye anakufa." Akangoja. "Umeandika?"

Nikaandika. Akaniambia nisome. Nikasoma: "Hakurudi. Alikufa. Haijulikani alikufa na nini." Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Ndizo sentensi bora katika riwaya ile, na sikuzitunga mimi. Hazina sifa hata moja, hazina "bahari", hazina "ambaye". Tangu siku hiyo, nikifika mahali pazito katika hadithi, nafuta maneno mazuri kwanza, halafu ndipo naanza kuandika.

Wa kwanza kulia alikuwa mama wa Uvira, yeye aliyemtaka arudi aaibike. Akajifunga kitenge kichwani, akalia kwa sauti ile yake ya kuita mitumbwi, akimsifu marehemu kwa sifa ambazo sikumpa katika sura yoyote. Wengine wakafuata, nusu wakicheka, nusu wakilia kweli. Kesho yake mwezi ulikuwa mpevu, hakuna samaki, basi mmoja akaja uani kwetu na mchele, mwingine na maharage, wakatandika mikeka. "Mutu wetu amekufa," wakasema, "tutamukalia matanga siku tatu." Mwalimu wa msikiti alipita, akauliza nani amefariki. Akaambiwa. Akanitazama mimi, akautazama mkeka, akasema kisomo cha mtu wa kayee hakipo, lakini wali hauna kosa. Akala, akaenda zake.

Sasa, habari katika ukanda ule husafiri na samaki. Wachuuzi waliochukua ndagala wetu wa mwisho walifika Muhuta wakasema Rumonge kwa wakausha ndagala kuna msiba. Hawakusema msiba wa nani, pengine hawakujua. Siku ya tatu lori likasimama barabarani, wakashuka wanawake watatu wa Muhuta, wateja wetu wa miaka mingi, vichwa vimefunikwa, na mikungu miwili ya ndizi na dumu la mawese. Walikuwa wamesafiri asubuhi yote, juu ya magunia. Waliingia wakilia kuanzia mlangoni, kama inavyopasa.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Wenzangu wote wakakumbuka kwamba wana sufuria za kuangalia. Wale wageni wakakaa, wakajifuta machozi, wakatoa pole kwa kila mmoja, nasi tukapokea, tungefanya nini? Kisha mkubwa wao akamgeukia shangazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa mahali pa mfiwa. Hakuna aliyempangia pale. Alikaa tu.

"Mama," akamwuliza taratibu, "marehemu alikuwa nani kwako?"

Nikafungua mdomo nieleze. Nilikuwa nimekwisha kuandaa samahani ndefu, ya kayee, ya mwezi mpevu, ya ujinga wangu. Shangazi akaweka mkono juu ya goti langu.

"Alikuwa mume wangu," akasema.

"Pole sana, mama. Amekufa lini?"

"Zamani," akasema shangazi. "Nimejua juzi."

Yule mama wa Muhuta akamkumbatia. Na shangazi yangu, ambaye katika miaka minane sikumwona akidondosha chozi moja, akalia begani kwa mtu aliyemjua kwa biashara tu, akalia mpaka adhuhuri, na hakuna aliyecheka tena uani pale. Mimi nililia pia. Sikulia kwa ajili ya riwaya.

Juma lile lile alikwenda kwa mwalimu, akamwambia yuko tayari kufunguliwa. Akavua hereni, akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Aliihesabu kwa mitumbwi: kila iliposimama kwa mbalamwezi, alitoa kidole kimoja. Jioni nilipakua mimi, sahani mbili.

Uhuru ulitukuta akiwa bado ndani. Mwezi wa saba mji mzima ulitoka kutazama bendera mpya, ngoma zikalia tangu asubuhi, mama wa Uvira akacheza mpaka kiatu kikakatika, na shangazi akasikiliza yote dirishani, akiniuliza nani amevaa nini. Najua mwandishi mwingine hapa angesema kwamba naye alikuwa akingojea uhuru wake. Nilishawahi kuiandika sentensi hiyo, nikaisoma kwa sauti, nikasikia mtu akiimba puani. Nimeifuta.

Fundi wa taa alikuwa mtu wa adabu. Mwenye eda haposwi, kwa hiyo miezi yote minne alipita njia ya nyuma, ya matope, asije akaonekana mlangoni petu. Hakutuma salamu. Aliwasalimu kuku wetu tu, kwa sauti ya kusikika ndani. "Amahoro, kuku! Mko wazima?" Nami sikuwahi kumsikia shangazi akiimba puani wakati huo.

Eda ilipokwisha alikuja mchana kweupe, na wazee wawili, kanzu imenyooshwa, mikono imesuguliwa kwa ndimu na bado inanuka mafuta ya taa. Shangazi hakuwapa chai tu safari hii, aliwapa na jibu.

Asubuhi yake nilikuwa nimekwisha kukaa mchangani. Nilikuwa na ile kayee ya karatasi nzito, kurasa nyingi bado tupu, na kalamu nimeichonga. Nilikuwa na mwanzo mzuri ajabu: mtu mwenye kofia mkononi, kibanda, taa thelathini zinazongoja. Wenzangu walikuwa wameshasogea kusikiliza. Shangazi akaja na beseni la samaki, akaliweka chini, akasoma uso wangu, yeye asiyejua kusoma.

"Huyu usimuandike," akasema.

"Kwa nini, shangazi? Ni hadithi nzuri."

"Ule wa kwanza niliwagawia ninyi wote," akasema. "Huyu iko wangu."

Akainama, akaanza kutandaza. Niliyoyasema hapa juu ya fundi ni yale tu ambayo mtaa mzima uliyaona kwa macho. Waliishi vipi baada ya hapo, walisemezana nini, nani aliimba na nani alinyamaza, nayajua yote, kwa kuwa nilikaa nao nyumba moja. Sikuyaandika siku ile, na leo pia siyaandiki.